Mpini wa Kiti cha Lempi

Duluth, 9 Oktoba

Mama Ilma mpendwa,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje? Sisi wazima, ila usingizi ndio hatuuoni. Jana Lempi alitimiza miezi minne na bado anaamka kama jogoo asiyejua saa. Arvid alipiga simu Jumapili. Meli yao imepakia madini na imeshavuka ziwa, anakusalimu sana. Na ile supu yako ya samaki, Mama, nimeila siku tatu bila kupika kitu kingine.

Nakuandikia maana kwenye simu mimi na wewe huishia kupigizana kelele, na nikishuka kwenye basi la shule ninaloendesha sina sauti iliyobaki. Ni kuhusu mpini wa kubebea kiti cha mtoto cha garini. Juzi Jumanne ulipomchukua nilichungulia dirishani, nikaona umeondoka na mpini umesimama kama wa kikapu cha sokoni. Umetundika hata ndege wa mbao juu yake. Kiti chetu hakitaki hivyo. Kitabu chake kinasema gari likitembea mpini ulazwe chini kabisa. Yule mtu wa zimamoto aliyetufungia kiti kituoni kwao alinionyesha mwenyewe: ajali ikitokea, mpini uliosimama unaweza kukatika karibu na uso wa mtoto. Viti vingine vinaruhusu, chetu hapana. Nakuomba, Mama.

Mkweo,
Britta

*

Esko, 13 Oktoba

Mwanangu Britta,

Marahaba. Magoti yapo, sijui yananibeba au nayabeba. Huku baridi imeanza, nimeshajifukiza mvuke wa sauna mara mbili.

Barua yako nimeisoma. Kitabu kizima kwa ajili ya kiti cha mtu wa kilo sita! Arvid alitoka hospitali mapajani mwangu, baba yake Onni anaendesha huku anavuta sigara, na leo ni jitu linalokula mayai matano asubuhi moja. Mjukuu wa jirani yangu Helvi anasafiri na mpini juu kila siku, na hakuna aliyemwandikia Helvi barua.

Lakini mama yake ni wewe. Nitaulaza. Ndege nimemtoa.

Jumanne na Alhamisi ninapokaa na Lempi ndizo siku zangu za kuishi, usidhani sijui.

Mama yako,
Ilma

*

Duluth, 7 Novemba

Mama,

Shikamoo. Natumaini ulifika salama jana, barabara ilikuwa imeanza kuganda.

Sikulala, kwa hiyo niandike tu. Jana asubuhi nilisimama kwenye taa nyekundu, basi likiwa bado tupu, na gari lako likaja likasimama ubavuni mwangu. Kutoka kule juu kwenye kiti cha dereva naona kila kitu. Mpini ulikuwa umesimama. Mwezi mzima unaniambia, "Nimeulaza, Britta, nimeulaza."

Jioni nilipokuuliza ukasema, "Mimi si mfanyakazi wako wa kukaguliwa." Nami nikasema nisilopaswa kusema, kwamba heri mgeni anayesikia kuliko bibi asiyesikia. Sura yako ninayo mpaka sasa. Lakini nabeba watoto arobaini na nane wa watu kila siku, Mama. Siwezi kubeba wasiwasi wa wangu pia.

Kuanzia Jumanne, siku zako nazo Lempi atakuwa kwa Bi. Doreen, yule mlezi wa watoto wa mtaa wa pili. Si adhabu. Nimechoka tu.

Britta

*

Duluth, 29 Novemba

Mama Ilma mpendwa,

Shikamoo. Hujambo? Nauliza kwa dhati, maana wiki tatu hujaandika, na simu ukipokea unasema "nipo" halafu unakata.

Juzi sikukuu ya Shukrani tulikuwa mimi na Lempi na kuku nusu. Nilikuandalia sahani, nikidhani labda utakuja. Arvid alipiga simu kutoka melini akauliza, "Mama yuko wapi?" Nikamwambia una mafua. Sasa nami nadanganya.

Lile neno la mgeni nalifuta. Sikuwa na haki nalo. La mpini silifuti. Lakini kuna kitu sielewi: wewe hukuniongopea hata siku moja tangu niolewe. Hata keki yangu ya kwanza uliniambia usoni kwamba ni tofali. Kwa nini hili?

Lempi huangalia mlangoni Jumanne. Labda ni mimi ninayeangalia.

Mkweo,
Britta

*

Esko, 3 Desemba

Mwanangu Britta,

Marahaba. Sijambo, na mafua sina. Utaona mwandiko umekwenda upande. Ndilo jibu lenyewe, lakini acha nilieleze.

Ule mpini una vibonyezo viwili, kimoja kila upande, na lazima uvibonyeze kwa pamoja. Mkono wangu wa kulia umeanza kutotii tangu kiangazi. Vidole vinatetemeka, kisha vinakataa. Nimekwenda kwa daktari, akanipa jina refu la ugonjwa na vidonge. Arvid hajui. Nawe hukujua.

Ulipoandika ile barua nilijaribu. Kwako asubuhi niliulaza kwa kubonyeza upande mmoja kwa kidole na upande wa pili kwa kidevu. Nikafika nyumbani, haukunyanyuka. Nilihangaika nao kitambo uani, mtoto analia, nami nalia. Mwishowe nikakikumbatia kiti kizima kama gunia la viazi nikaanza kutembea. Kwenye ngazi nikateleza, nikaanguka kwa magoti. Kiti sikukiachia. Lempi hakudhurika hata kidogo, akanyamaza akawa ananitazama.

Nilikaa pale ngazini nikawaza: nikimwambia Britta, atanichukulia siku zangu. Nikaamua mpini usimame. Ndivyo nilivyoamua, na akili zangu timamu. Nikakudanganya kwa mwezi mzima, halafu nikakukasirikia kwa kunikamata.

Sasa siku zenyewe zimekwenda, sina cha kuficha. Doreen ni mtu mwema, namfahamu.

Ilma

*

Duluth, 6 Desemba

Mama,

Shikamoo. Barua yako niliisoma ndani ya basi, nimeegesha nyuma ya shule. Nililia, halafu nikakasirika, halafu nikalia tena. Wa darasa la pili walipopanda, mmoja akauliza, "Umekula kitunguu?"

Nakasirika kwa ile ngazi. Nakasirika zaidi kwamba ulikuwa peke yako pale.

Nimejaribu kutafuta njia. Nilifikiri kiti kibaki garini, utoe mtoto tu. Lakini kile kibanio cha mikanda kinahitaji kidole gumba chenye nguvu kuliko hata mpini. Kwa hiyo nakwambia wazi: hutaendesha tena ukiwa na Lempi. Hilo sitalizungusha, na najua linavyouma.

Ila sikiliza. Kati ya zamu ya asubuhi na ya mchana nina saa tano. Huwa narudi nyumbani kufua. Jumanne na Alhamisi nitamchukua kwa Doreen, nitamleta kwako mimi mwenyewe. Kufunga na kufungua juu yangu, kubeba juu yangu, yaliyobaki ni yako. Utampa uji, utamwimbia, mimi nitakaa kwenye kochi.

Na Arvid umwambie wewe. Sitakusemea.

Mkweo,
Britta

*

Esko, 10 Desemba

Mwanangu Britta,

Hujambo? Mimi sijambo leo kuliko jana, na jana kuliko juzi.

Jana ulipofika ulisema, "Nakaa dakika kumi tu nipate kahawa." Kahawa ilipoa. Ulilala kwa muda wa saa tatu nzima na viatu miguuni, mdomo wazi, nikakufunika blanketi la Onni. Uliamka umechelewa ukatoka mbio na mtoto wako, sikupata nafasi ya kukwambia. Kwa simu nisingeweza, ningelia.

Arvid nilimwambia habari ya mkono jana jioni. Amesema atakuja Januari meli zikitia nanga kwa sababu ya barafu, anipeleke kwa daktari yeye.

Lakini hilo silo nililotaka kuandika. Saa tano na robo nilimkalisha Lempi kwenye zulia, nimemshika kiunoni. Mikono ikaanza kutetemeka, nikaogopa nitamwangusha, nikaitoa. Hakuanguka. Amekaa, Britta! Amekaa mwenyewe, mgongo wima, akaangalia huku na huku kama mkaguzi wa shule. Nilihesabu mpaka ishirini na sita, ndipo akalala ubavu taratibu.

Nilikutazama pale kochini, mdomo ukataka kukuita. Nilishindwa kukuamsha.

Arvid akiuliza, mwambie tuliona wote wawili.

Mama yako,
Ilma