Levina na Okidi Inayolala Chini ya Theluji

Ni mwaka mzima sasa, Levina, tangu ulipotutoka hapa nyumbani Chemchem, na mumeo Leodgar bado anakujibu maswali ambayo hujauliza. Akipita uani tunamsikia: "Nimeshafunga mlango, mama Recheli, nimeshafunga."

Ulikuwa mkunga. Vijana wengi wanaotupigia honi za bodaboda hapa mtaani, mikono yako ndiyo iliyowapokea duniani. Hukumharakisha mzazi hata mmoja. Leodgar, aliyestaafu reli akaanza kazi ya kutunga uongo bila mshahara, huwaambia watu kuwa treni ya Kigoma iliwahi kukwama Igalula kutwa nzima, mafundi wakashindwa, ukaitwa wewe. Ukawafukuza wanaume wote stesheni, na jua lilipozama kichwa kikatoka, kikalia. Ulikuwa ukimsikia unacheka mpaka unashika ukuta.

Uliupenda uwanja uliofagiwa. Recheli, binti yenu wa pekee, alishika ufagio kabla hajashika kalamu. "Wageni wanakuja, na uwanja huu?" ulikuwa ukisema, hata kama mgeni mwenyewe ni jirani wa nyumba ya pili anayekuja kuazima kinu.

Na ulipenda maua, hasa okidi. Tangu utoto wako Igalula ulizijua zile za ardhini, porini kwenye miyombo. Kiangazi hazionekani, ungedhani zimekufa, kumbe zimelala udongoni zinangoja mvua. Kwa hiyo ulipokwenda Kanada, mji wa Winnipeg, kumsaidia Recheli na mwanawe wa kwanza, ukakuta sokoni bibi mmoja anauza okidi ya kupanda nje kwenye baridi ile, hukushangaa sana. Yule bibi alikueleza, Recheli akitafsiri: baridi haiiui, kinachoiua ni maji yanayotuama kwenye mizizi wakati imelala. Ukachimba shimo fupi pembeni mwa nyumba, mahali lisipofika jua kali la mchana. Ukachanganya udongo na mchanga mnene na kokoto, ukaitandaza mizizi kama miguu ya buibui, chipukizi likafichwa kidogo tu. Baridi ilipokaribia ukaifunika kwa majani makavu ya msonobari, kama wanavyofunika kitalu cha tumbaku kwa nyasi huku kwetu.

"Theluji ikija juu yake, muiache," ulimwambia Recheli. "Hilo ndilo shuka lake."

Theluji ikaanguka, ardhi ikaganda ikawa kama saruji. Na Juni ilipofika likachanua ua la njano lenye mfuko, mfano wa kiatu cha mtoto mchanga. Ulituma picha. Leodgar akawaambia wenzake wa bao kwamba umeshaanza kuvuna jozi za viatu.

Ulirudi nyumbani, ukaugua, ukaenda. Recheli alikuwa na mimba ya pili, kubwa, na madaktari walimkatalia kupanda ndege. Hakukuzika. Kilichobaki kwake huko ni kile kitalu pembeni mwa nyumba.

Desemba, Wakatoliki wenzake, Watanzania na Warundi, walipanga kwenda kwake kukuombea. Asubuhi yake Recheli akatazama nje: wageni wanakuja, na uwanja huu? Akachukua koleo, kisha ufagio. Alifagia njia, akafagia ngazi, akafagia bustani yote, theluji pamoja na majani ya msonobari, mpaka udongo ukaonekana. Mikono ilitangulia akili, na mikono ile uliifundisha wewe mwenyewe. Wageni waliusifu uwanja. Wiki hiyohiyo ikashuka baridi ambayo hata wenyeji waliilalamikia, na ndipo alipoikumbuka okidi. Akampigia baba yake simu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Mbona sauti hiyo?"

"Baba, nimemuua mama mara ya pili."

Leodgar alisikiliza habari yote hadi mwisho, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Halafu akasema, "Ajabu hii. Mama yako alinijia ndotoni kuhusu hilohilo."

Alisema ulikuwa stesheni Igalula, umejifunga kitenge chako cha zambarau. Treni ilikuwa imefika imejaa theluji hadi madirishani, na wauza asali wanaichota kuijaza kwenye madumu yao, haiyeyuki. Ukamwambia: mwambie mtoto arudishe majani, afunike, aiache ilale. Recheli akarudisha majani. Theluji nyingine ikaanguka juu yake, akaiacha.

Januari akauliza tena, "Mama kasemaje?" Na Leodgar akaota tena. Safari hii ilikuwa ile njia ya zamani ya misafara, inayotoka Ujiji. Wapagazi wa Kinyamwezi wamebeba theluji vichwani kuelekea pwani, mamia kwa mamia, wanaimba kwa sauti ya chini, na hakuna tone linalodondoka. Wewe uko mbele yao, miguu mitupu, unatembea taratibu, na kila unapokanyaga nyasi zinajilaza. Hukusema neno. Ulimtazama tu, ukaweka kidole mdomoni.

"Shemeji, unamdanganya mtoto," mdogo wako Eustadia alimwambia.

"Namdanganya nini? Mimi naota."

"Unaota saa ngapi, nawe hulali?"

Ni kweli, alikuwa halali. Alikaa kitandani akisikiliza mabati yakipoa.

Aprili theluji iliyeyuka, kitalu kikabaki tope tupu. Recheli akapiga simu, kijiko cha bustani kikiwa mkononi.

"Nataka nichimbe nijue, baba. Kama imeoza, nijue. Nilie, nimalize."

Leodgar alijua kwamba akichimba atalivunja chipukizi, kama bado lipo. Akatafuta ndoto, akaikosa. Treni haikuja, wapagazi hawakuja.

"Recheli," alisema mwishowe, "mama yako alikuwa akiwaambia nini wauguzi wadogo, mtoto akichelewa?"

Recheli akajibu, "Msimvute."

"Haya."

Recheli aliweka kijiko chini. Akalia muda mrefu, simu ikiwa hewani, na baba yake hakukata.

Katikati ya Mei zikatoka ncha mbili za kijani, zimejikunja kama mwavuli. Zamani kilikuwa kichaka kizima. Sasa ni ncha mbili, na mwaka huu hakuna ua. Recheli alituma picha bila maneno, na pembeni yake mtoto wake mdogo, aliyepewa jina lako, anazinyooshea kidole. Hapa nyumbani simu ilizunguka mkono kwa mkono. Eustadia alikibusu kioo.

Jioni yake Recheli akapiga.

"Baba, nikuulize. Mama kwenye ndoto zako, mbona anaongea kama wewe?"

Leodgar akakohoa. "Tumekaa pamoja siku nyingi."

"Kwa hiyo alikuja, au hakuja?"

Baba yake aliangalia uani, kisha akasema, "Atakuja."

Ndiyo maana tunakuomba, mama Recheli, hapa mbele ya wasomaji wote. Mwaka huu umesemewa mengi, wewe uliyekuwa hukubali kusemewa na mtu. Sasa njoo useme mwenyewe, hata kama ni kumgombeza. Leodgar ameanza kulala. Si sana, lakini tangu ile picha ifike, alfajiri tunamsikia akikoroma. Utamkuta.

Unakumbukwa na mumeo Leodgar. Binti yako Recheli, mkweo Aleksi Nijimbere na wajukuu zako wawili, walioko Winnipeg. Mdogo wako Eustadia. Ndugu wote wa Igalula na Itetemia. Wakunga wenzako, na wote uliowapokea kwa mikono yako. Misa ya kukuombea ni Jumapili hii parokiani, na baada yake wote mnakaribishwa nyumbani Chemchem.

Pumzika kwa amani, Levina. Kukusahau, hatujui hata kunaanzia wapi.