Mguu wa Odhiambo

Mjukuu wangu Akinyi,

Hapa Kaloleni hatujambo. Magoti ya nyanya yako yametulia. Unauliza kama upande gari la kampuni au uendelee na pikipiki yako.

Rafiki yangu Odhiambo aliacha lori la kiwanda lililotubeba wafanyakazi, akawa anakuja kazini kwa baiskeli ili ampitishe mkewe sokoni Otonglo. Asubuhi moja, baada ya kumshusha, aligongwa na gari. Mguu ukakatwa.

Tulipomwombea fidia, msimamizi wa kiwanda aliinamisha kichwa. "Angeumia ndani ya lori letu, angelipwa. Kwa baiskeli yake, sina njia."

Mkewe akasema, "Basi ni mimi niliyemkata mguu."

Odhiambo alimkatalia maisha yake yote, lakini mama yule hakuamini.

Panda gari, mama.

Babu yako