Kaka, Vitabu Vyako Watoto Wamevielewa

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimeanza na shikamoo kwa sababu mama alitulea hivyo, wala usidhani hasira zimepoa.

Maboksi yako mawili yalifika stendi ya Korogwe Jumatano. Niliyafuata mwenyewe, nikarudi nayo huku Mnyuzi kwa bodaboda, moja limefungwa nyuma na jingine nimelipakata. Watoto wangu wa darasa la tatu walinipokea kwa shangwe utadhani nimeleta pilau. Nikafungua mbele yao. Kitabu cha kwanza, mtoto ananawa mikono. Cha pili, mtoto anamtii mama yake. Cha tatu, mtoto hakumtii mama yake, akaanguka, akajuta. Nikachimba mpaka chini ya boksi nikitafuta kimoja tu chenye uhai. Vyote ni hivyo hivyo, na kila ukurasa wa mwisho unauliza, "Tumejifunza nini?"

Mimi nimejifunza kwamba wewe ni msahaulifu.

Nilikutumia orodha, kaka, na orodha ile sikuiota. Muhula mzima nilikuwa naazima vitabu kwa walimu wenzangu wa Korogwe. Kila Ijumaa nasoma ukurasa mmoja kwa sauti, kisha nafunga. Watoto wakipiga kelele "halafu, mwalimu?", jina la kitabu naliandika. Wakikaa kimya, nakirudisha kwa mwenyewe. Yakafaulu majitu, ikafaulu historia ya misafara ya zamani ya watumwa na pembe, vikafaulu vitabu vya harusi na ngoma za watu wasiowajua. Ndivyo orodha ilivyopatikana. Ukanijibu kwenye simu, nami ujumbe wako sijaufuta: "Majitu yatawatisha, na historia ni nzito. Watoto wa kijijini waanze na vyepesi."

Watoto wa kijijini! Wewe ulizaliwa wapi?

Umemsahau bibi? Tulikuwa tukipukuchua mahindi uani, mchana kweupe, yeye anatusimulia kwa Kizigua habari za jitu lililomeza kijiji kizima. Ulikuwa ukiogopa hadi unakalia miguu yako, lisije likaishika. Lakini bibi akinyamaza kidogo kumeza mate, nani alikuwa anamvuta khanga aendelee? Si mimi. Mimi nilikuwa nimejificha nyuma yako.

Na ile sura ya misafara, kwenye kitabu cha historia alichotuazima mwalimu wa darasa la nne? Uliruka ukapiga kelele, "Hawa walipita kwetu!" Ukatoka mbio kumuuliza bibi. Bibi hata hakuinua macho kwenye ungo. "Walipita," alisema. "Wazee wangu walificha mbuzi porini mpaka wakaisha kupita." Kesho yake ulisimama mbele ya darasa zima ukawasimulia habari za wale mbuzi, na kitabu kile kikagombewa mpaka kurasa zikaachana. Hakuna aliyekuuliza umejifunza nini. Ungeulizwa siku ile, nadhani ungekaa chini.

Ndiyo maana nakasirika. Angekuwa mgeni asiyetujua, ningemshukuru kwa moyo wake, nikanyamaza. Wewe unatujua. Umepewa utamu ukaula, na wenzako unawachagulia uji usio na sukari, kisha unasubiri shukrani.

Ili usiseme nimekuonea, Ijumaa nilijaribu vyako kama ninavyojaribu vingine. Nilisoma ukurasa mmoja wa yule asiyemtii mama. Nikafunga. Kimya. Zaina, binti ambaye mwaka jana alikuwa hajui kusoma hata jina lake na sasa hashibi vitabu, akanyoosha mkono.

"Tumeelewa, mwalimu."

"Niendelee?"

"Hapana, mwalimu. Asante."

Kwa adabu kabisa. Nilitamani ungekuwepo uone aibu yako mwenyewe, maana mimi niliibeba peke yangu.

Nawe unajua tunachopoteza, nilikueleza kwa simu mara mbili. Chumba chetu cha vitabu kilikuwa stoo ya mahindi ya chakula cha shule. Mwalimu mkuu alinipa kwa sharti moja tu: hadi shule zifungwe awe ameona watoto wanaazima. Wasipoazima, kinarudi kuwa stoo. Simlaumu, mahindi yanaloa huko yaliko. Vichache tulivyokuwa navyo vimekwisha kusomwa na kurudiwa. Nilikuwa nawaambia watoto wavumilie, kaka yangu analeta. Wakavumilia. Tangu vyako vifike, hakuna hata kimoja kilichotoka rafuni.

Shule zinafungwa wiki ijayo, na jana mwalimu mkuu aliingiza gunia la kwanza. Ameliweka chini ya dirisha, akaniambia, "Samahani, mwalimu," na najua alisema kweli.

Maboksi yako nimeyafunga upya, yanarudi na basi la kesho asubuhi. Orodha nimeiweka juu kabisa, ukifungua tu unaiona. Usiongeze chako, usipunguze. Msalimie wifi, mwambie yeye sina ugomvi naye. Na usinipigie simu kunituliza, sitapokea.

Ninapoandika, Zaina amekalia lile gunia. Anasoma kitabu alichokwisha kukimaliza mara tatu, anafungua kurasa polepole ili kisiishe. Gunia la pili linakuja Jumatatu.

Mdogo wako,
mwalimu wa hao watoto wa kijijini