Kompyuta Yangu Imezima Friji ya Mama

Mpendwa Bi Wadad, naomba unisaidie kabla aibu haijanimaliza, mimi ni Nazih, naishi na mama yangu hapa Beirut, na kwa miaka miwili nimejibana niunde kompyuta ya kuchezea gemu, mwezi huu nanunua kasha, mwezi ule memori, kila dola nimeipangia kazi, kwa sababu ndugu yangu Wadih yuko Montreal na Jumapili alasiri tunacheza pamoja mtandaoni kama zamani, basi mwezi uliopita nikanunua kadi ya picha, ile kubwa kabisa, dola mia sita, wallahi nilicheka peke yangu dukani, ila katika hesabu zangu zote sikukumbuka kwamba jenereta ya mtaa inatupa umeme wa ampea tano tu, na nikiwasha kompyuta friji nayo ikiwaka, swichi inajikata, nyumba nzima inazima.

Ghafla ikaacha kujikata, nikafurahi, kumbe! Juzi nafungua friji nitafute labne, ule mtindi mzito wa kupaka mkate, nakuta imezimwa, ndani hamna kitu, Mama anasema kaichomoa wiki tatu sasa, ananunua chakula cha siku kwa siku na kupanda ghorofa nne kwa miguu, "Cheza na ndugu yako wewe, mimi friji ya nini?" na tukicheza anakaa kwenye kiti nje ya mlango wangu. Kuongeza ampea siwezi, mshahara haufiki. Niuze kadi? Wadih nimwambieje?

Nazih

Pole, Nazih mwanangu. Lakini wiki tatu hukufungua friji? Sahani zilikuwa zinajileta zenyewe? Nyie vijana, jamani!

Moyo wako si mbaya. Aliyejinyima miaka miwili ili acheke na ndugu yake simtukani. Ila hapa kwetu bajeti ya kompyuta inaanzia kwenye umeme, dukani baadaye.

Leo hii chomeka friji. Kadi irudishe dukani, wakiikataa iuze hata kwa hasara, chukua ndogo isiyokula umeme. Picha zitapungua uzuri kidogo, Wadih hatakufa. Mwambie ukweli wote, na friji ya mama yake umtajie.

Na huyo mama pale mlangoni, umewahi kujiuliza anafuata nini? Anakusikia wewe tu ukicheka; mwenzio yumo masikioni mwako. Jumapili mwingize ndani, chomoa hizo spika za masikioni, na yeye amsikie mwanawe.