Soketi za Safari ya Mpanda

Sirari, 9 Juni 2025

Tata,

Shikamoo. Mimi mzima, sijui ninyi huko Nyansurura. Sukari yako imetulia? Nimepiga simu tangu Alhamisi haipatikani, nikajua haina chaji. Ndiyo maana nampa konda wa basi la Mugumu barua hii.

Baba yangu, kaa chini kwanza. Hapa gereji kuna Hiace yenye kitanda nyuma, meza ya kukunja na jiko dogo la gesi. Bosi wangu Sadock ameinunua kwa Wazungu wawili waliokuwa wakizunguka nayo, anataka kuikodisha kwa watalii wa Serengeti. Lakini humo ndani huwezi kuchaji hata simu! Kazi ya umeme kanipa mimi peke yangu: soketi za volti kumi na mbili, matundu ya USB pande zote za kitanda, na soketi ya friji ndogo inayotumia betri ya gari.

Friji, Tata! Niliposikia neno hilo niliweka spana chini. Miaka yote unasema huwezi kwenda Mpanda kwa Shangazi Kezia kwa sababu dawa yako ya sukari itaharibika na joto njiani. Nimemwomba Sadock tuitumie Hiace hiyo kabla ya mteja wa kwanza. Kakubali: "Mkifika Mpanda na kurudi, nitajua gari liko sawa."

Twende!

Mwanao,
Winfrida


Nyansurura, 14 Juni 2025

Mwanangu Winfrida,

Marahaba. Sisi salama, ila ng'ombe mmoja anachechemea. Sukari inapanda na kushuka kama mbuzi kwenye kichuguu.

Sikukatalii, lakini naogopa. Hapa dawa naiweka kwenye chungu chenye mchanga uliolowa, nimekizoea. Hiyo friji ikizimika katikati ya pori la Sikonge, nani atanipa dawa nyingine? Na wewe mwenyewe huwa unasema gari likiachwa taa zinawaka, asubuhi haliwaki. Je, friji si itanyonya betri yote?

Lakini usimwambie mtu: koti langu nimeshalitoa kulianika. Mama yetu alipofariki, Kezia ndiye aliyenilea, na mwenyewe bado msichana. Kisha akahamia Mpanda na mumewe na ng'ombe wao. Sasa nyonga yake imeharibika, hawezi kukaa kwenye basi. Kila tukizungumza kwenye simu ananiuliza, "Elia, mpaka nizikwe ndiyo uje?"



Baba yako


Sirari, 29 Juni 2025

Tata,

Shikamoo. Habari za mguu wa ng'ombe na za wote nyumbani? Mimi niko salama, ila nimepata aibu.

Lile uliloogopa limetokea. Niliunganisha kila kitu kwenye betri ya kuwashia gari. Ijumaa ya wiki jana nikaacha friji inafanya kazi na simu mbili zinachaji. Asubuhi natia ufunguo: tik! Kimya. Tena waya mmoja niliouchagua ni mwembamba, ulikuwa umepata moto mpaka plastiki yake imelainika.

Sadock hakufoka. Aliniuliza tu, "Ungekuwa Sikonge na mzee wako?" Nilikwenda nyuma ya gereji nikalia. Kisha nikarudi nikang'oa kila kitu.

Sasa sikiliza! Kuna betri ya pili chini ya kitanda, ya friji na soketi tu. Kati ya betri hizo mbili nimeweka rilei: gari likiwaka zote zinachajiwa, likizimwa zinaachana, hakuna inayoinyonya nyingine. Waya ni mnene, na kila soketi ina fyuzi yake. Ukibonyeza swichi kila soketi inawaka kijitaa cha bluu. Tata, nimekaa kitandani naviwasha na kuvizima mpaka mafundi wenzangu wananicheka!

Mwanao,
Winfrida


Nyansurura, 5 Julai 2025

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima, na ng'ombe amepona.

Nimempelekea barua yako Nesi Justa, yule wa zahanati aliyehamishiwa hapa kutoka Bukoba. Naye akafurahi kama vile safari ni yake. Ametoa kipimajoto, nakutumia kwa konda. Anasema kiweke ndani ya friji, gari lisimame juani kutwa na usiku kucha bila kuwashwa. Joto likizidi nyuzi nane, nisisafiri. Likishuka chini ya mbili pia nisisafiri, maana dawa ikiganda haifai tena.

Kama haikufaulu, niambie ukweli. Nitaelewa.

Baba yako


Sirari, 16 Julai 2025

Tata,

Shikamoo! Mzima? Tano! Kimesoma tano, mchana na usiku! Nikatia ufunguo, gari likanguruma mara moja. Sadock kapiga honi hadi madereva wa malori wakadhani mpaka wa Kenya umefungwa.

Naja Jumamosi. Mwambie Nesi Justa anifungashie dawa zako.

Winfrida wako


Nyansurura, 17 Agosti 2025

Mwanangu Winfrida,

Salamu nyingi. Natumaini ulirudi Sirari salama na Sadock amelikuta gari lake bila mkwaruzo. Hapa tuko wazima wote, na sasa tumeongezeka!

Wewe kule Mpanda ulikuwa chini ya gari unasafisha vumbi kwenye nyaya, hukusikia yote. Dada yangu alikuja na fimbo yake mpaka mlangoni mwa gari, akachungulia.

"Hicho kitanda ni cha nani?"

"Cha watalii."

"Mtu anaweza kulala huku gari linatembea?"

"Anaweza, akijifunga mkanda."

Kisha akawaita wanawe, akasema, "Miaka yote mmeniambia basi litaniua. Hili si basi. Nataka kuona kwetu nikiwa hai." Mkubwa akasema watamfuata baada ya mavuno. Mimi nilidhani anatania, mpaka nilipoona anapokewa fimbo, anapanda. Nilikuja kumsalimia, Winfrida. Sikuota kwamba nitarudi naye.

Tulipovuka Sikonge nilifungua friji kuchukua dawa, nikaiona ina ubaridi wake. Nikakutazama uko kwenye usukani, unaimba. Nikakuacha uimbe. Nasema leo: asante, mwanangu.

Watu wanakuja kumwona shangazi yako kutoka vijiji vyote. Anawauliza habari za marafiki zake. Wengine walishafariki, anawalilia, kisha anauliza wengine. Jana tulikuwa uani na wazee wenzangu, tunazungumza mambo ya mnada, akaniita mbele yao: "Wee Elia! Hebu kaniletee maji." Nina miaka sabini na moja, nina wajukuu, na mtu ananituma.

Nilikwenda mbio.

Baba yako