Bamama balileta kuni ku teatre yetu

Butembo, Jumapili asubuhi. Mvua ndogo, ile ya kwetu yenye hainyeshi vizuri na haiachi. Baridi imeingia mpaka mu mifupa. Niko na hasira, na ninataka kuandika kabla haijapoa, sababu ikipoa nitaanza kusema maneno ya adabu, na mambo ya jana haistahili adabu.

Jana tulifanya siku ya "chantiers". Kama haujue chantier ni nini, uko na bahati. Ni teatre yenye haijaisha kutengenezwa. Banaionyesha hivyohivyo, mbichi, kisha batu benye balitazama banaombwa kusema inakosa nini. Mama mwenye anauza bugali na maharagi ku soko hawezi kukuwekea sahani na kusema, "Haijaiva, lakini onja, kisha tuzungumuze." Angerushiwa ile sahani. Sisi baartiste tunapigiwa makofi.

Kichwa ya ile mambo yote ni Fiston. Mutoto wa Beni, tulicheza teatre pamoja tangu tuko batoto ba korali. Kisha alipata mafunzo, kwanza Kinshasa, kisha Ulaya, miezi kidogo tu, na alirudi na skafu mu shingo na ugonjwa ya kutoweza kumaliza sentensi bila kutia neno "corps", mwili. Zamani tulikuwa tunafanya michezo mifupi ya kufundisha batu kunawa mikono. Batu balikuwa banacheka mpaka banashika mbavu, kisha banaenda kunawa kweli. Leo anaita ile kazi "teatre ya sabuni". Anasema sasa tunatafuta. Tunatafuta nini? Hajue. Anasema kutojua njo kazi yenyewe.

Ujinga wenye diploma.

Lupango, ile kiwanja yenye alikodi, iko nyuma ya depo za wafanyabiashara. Kuta zake ni mabati, na kelele ya pikipiki inaingia yote. Bageni, bapartenaire benye banalipia mupango, balishuka na ndege ku Mavivi, kule Beni, bakapanda jeep mpaka huku. Balikaa mustari ya mbele, kila mumoja na chupa yake ya maji. Nyuma yabo balikuwa batu kidogo, zaidi baartiste benzetu, bale benye banacheka mahali hakuna kichekesho, ili baonekane banaelewa.

Chantier ya kwanza: kijana alijifunga plastiki ya kufunikia mizigo, kutoka kichwa mpaka miguu, akazunguka bidon ya manjano akitembea kinyumenyume. Alizunguka mpaka mimi nikapata kizunguzungu kwa niaba yake. Motari mumoja, dereva wa pikipiki, alichungulia kwa mulango, akauliza, "Huyu anatafuta maji?" Ile njo critique pekee ya maana yenye nilisikia jana.

Ya pili: dada mumoja aliketi juu ya katoni, akasoma kwa sauti ya chini bei ya misumari, vitenge na betri. Alitaka tusikie huzuni ya biashara. Mais hapa ni Butembo. Batu balianza kumusahihisha. "Ee dada, misumari ilipanda!" Mwingine akamuambia depo gani iko na vitenge ya bei nzuri. Maskini, alibakisha kidogo tu alie. Fiston alifurahi sana. Alisema public iko "inaresister", inabisha, na ile njo alitaka.

Ya tatu ilikuwa yangu. Aliiita "Étude 3", zoezi ya tatu. Ninaketi chini katikati ya lupango, mimi peke yangu, na ninalia. Hakuna neno, hakuna hadithi, hakuna mutu mwingine. Kulia tu, mpaka yeye aseme basi. Siku ya kwanza ya mazoezi nilimuuliza ninalia nani. Alijibu, "Haulie mutu, Masika. Unalia absence, ile kukosekana yenyewe."

Ningemupiga kofi. Sikumupiga, sababu ninapenda teatre kupita kitu yote, na mwaka huu hakuna mutu mwingine aliniita kucheza. Njaa ya jukwaa ni mubaya. Inakufanya ukubali upuzi na kusema aksanti.

Na Fiston alinichagua akijua vizuri. Ndugu yangu mudogo, Kakule, alienda ku shamba ya kakao upande wa Mutwanga, sasa mwaka umepita. Batu ba silaha balipita kule. Bengine balipatikana, bakazikwa. Kakule hapana. Hata kiatu, hata shati, hakuna kitu. Sasa bila maiti utafanya matanga ya nani? Hakuna mutu aliita matanga. Mama yangu alinyamaza tu, hataje jina yake, na sisi tunamuambia, "Atarudi, mama, vumilia." Neno "kufa" haiingie mu nyumba yetu. Nilikuwa naogopa kwamba siku itaingia, mama ataanguka palepale na hatasimama tena. Papa alishatuacha, tumebaki na yeye tu.

Donc Fiston alijua kama niko na machozi yenye haijatumiwa.

Nililia. Na ninasema bila aibu, nililia vizuri. Mimi ni muigizaji, kazi ninaijua. Nilianza chini, mu tumbo, nikapandisha polepole, nikashusha, nikapandisha tena. Mu roho hakukuwa kitu. Nilikuwa nawaza kama kitenge yangu italowa na ule udongo. Kwa jicho moja niliona mugeni mumoja amefunga macho, kama mutu anaonja supu. Nikamuchukia, nikaongeza sauti.

Kisha mulango ya mabati ikasukumwa.

Aliingia mama mumoja na fungu ya kuni ku kichwa. Nyuma yake mwingine na bidon ya maji. Kisha bengine, huyu na mukeka, huyu na sufuria, huyu na maharagi mu kitambaa. Ni bamama benye banauza makala na mboga kando ya ile barabara. Balisikia mwanamuke analia nyuma ya mabati, na kwetu mutu akisikia vile haulize maswali. Anachukua kuni ya matanga, anakuja. Balitua mizigo, balipita mbele ya bageni bila hata kubaangalia, baliketi chini karibu na mimi, na balianza kulia.

Bageni bakapiga makofi!

Vraiment. Balifikiri ni sehemu ya chantier. Nilisikia mumoja anasema, "Ah, le chœur," ati ni kwaya ya teatre. Na Fiston, mwenye hakujua bale bamama ni banani, alitoa telefone, akaanza kufilmer, na mukono wake mwingine ukanifanyia ishara: endelea, endelea.

Yule mama wa kuni, jina yake Mama Furaha, alinikumbatia. Alikuwa ananuka moshi na mvua. Akaniuliza ku sikio, "Nani, mutoto wangu? Nani alikufa?"

Ilikuwa rahisi kusema, "Hakuna mutu, mama, tunacheza teatre." Neno ilifika mpaka ku meno. Mais huyu mama aliacha makala yake mu mvua, machozi yake ilikuwa inanianguka ku shingo, ya moto, ya kweli. Nimuambie analia bule? Nimuambie tulimukosea heshima, yeye na bale bake bote benye balikufa, ili bageni babili batatu baone kitu mupya? Kinywa yangu ilikataa.

"Kakule," nilisema. "Mudogo wangu. Kakule."

Pale njo niliacha kuigiza. Sauti yenye ilitoka haikuwa ya kazi. Ilikuwa sauti mubaya, yenye kukwama, na kamasi ilinishuka mbele ya bageni na mbele ya ile telefone, na sikupangusa. Mama Furaha alishika jina, akalipitisha kwa benzake, na bote balianza kumulilia kwa jina. Mwaka muzima hakuna mutu alikuwa amemulilia ndugu yangu, na bale bamama habakumuona hata siku moja.

Fiston alingoja tutulie kidogo. Kisha, na ile sauti yake ya Ulaya, alifungua débat, yale mazungumuzo ya teatre inakosa nini. Ndiyo, débat! Mugeni mumoja aliuliza kama tutapunguza urefu ya mwisho. Mama Furaha aliinua kichwa.

"Wewe papa, uko ndugu ya marehemu?"

"Hapana, mama. Mimi ni metteur en scène, muongozaji wa teatre."

"Sasa sababu gani umesimama? Keti chini."

Na Fiston aliketi chini mu udongo, na skafu yake. Bageni nabo bakaacha viti, bakaketi chini, kila mumoja na chupa yake. Hakuna mutu aliongea tena juu ya urefu.

Nilifikiri mambo imeisha. Kumbe ilikuwa inaanza. Mama Furaha alijipangusa uso, akauliza, "Na mama yake Kakule iko wapi? Hatuwezi kumulilia mutoto na mama yake hatujamupa pole."

Nilimuambia mama ni mugonjwa. Nilimuambia mama hajue, tuache mpaka kesho, tuache mpaka wiki ijayo.

"Mama gani hajue?" alisema, na akarudisha kuni yake ku kichwa.

Tulitembea mu mvua, bamama mbele na mimi katikati, bamenishika mikono kama mutu anaweza kukimbia. Na kweli ningekimbia. Bamotari balikuwa banapunguza mwendo, bengine banazima muziki. Nilikuwa nawaza: leo ninaenda kumuua mama yangu, na yote ilianza juu ya "Étude 3" ya mupumbavu mumoja na mupumbavu mwenzake mwenye alikubali kulia kwa kuagizwa.

Mama alikuwa mbele ya nyumba, chini ya bati, anachambua maharagi. Aliona kuni. Mutu wa huku akiona bamama banaingia kwake na kuni ku kichwa, haombe maelezo. Aliweka ungo chini polepole, akasimama. Niliangalia magoti yake, tayari kumudaka.

"Mulikawia," alisema.

Mama alimusaidia Mama Furaha kutua kuni.

"Mwaka muzima ninangoja mutu aje alie na mimi. Banakuja, banasema atarudi, banaenda zabo. Hata wewe, Masika. Kila siku, vumilia mama, vumilia mama. Mimi njo nilimuzaa. Ulifikiri sijue?"

Kisha aliita jina ya mutoto wake kwa nguvu, mara ya kwanza tangu aende, na aliketi chini katikati ya bale bamama. Hakuanguka. Mimi njo nilianguka, mwenye nilikuwa nimekuja kumudaka. Jirani yetu wa kwanza aliingia na kiti, wa pili na majani ya chai. Kabla ya mvua kuacha, lupango yetu ilikuwa imejaa, na moto ulikuwa unawaka.

Fiston alifika kwa pikipiki, telefone juu. Mama Furaha alimufuata mpaka ku mulango. Sikusikia yote yenye alimuambia, mais nilisikia mwisho: "Ukiweka ile kitu mu mufuko, utaingia kama batu." Alifikiri kidogo. Alibaki inje, akafilmer kutoka juu ya ukuta mpaka bamotari bakamufukuza.

Leo asubuhi aliniandikia. Ninainakili hapa yote, sababu mimi peke yangu singeweza kuitunga: "Masika, ilikuwa magnifique. Jumamosi tunarudia ku Beni, bapartenaire banataka kuona tena. Uliza bale bamama kama bako disponibles ile siku. Na mama yako pia, nilimuona kutoka juu ya ukuta, iko na présence."

Présence! Ati mama yangu anajaza jukwaa!

Nilitafuta matusi yote yenye ninajua, ya Kinande na ya Kilingala, na niliona yote ni ya heshima sana kwake. Inje batu bako banaendelea kuingia. Mama ananiita nilete maji.

Nilimujibu: "Sitakuja. Niko ku matanga ya ndugu yangu."