Tekla Sulle, Uliidaka Kabla Haijagusa Chini

Mwaka umetimia leo, Tekla, tangu asubuhi ile ya Jumanne, tarehe 24 Septemba 2024, ulipokata roho kwenye kitanda cha Mama hapa Nambis, ukiwa na miaka thelathini na minne. Anayeandika ni mimi, kaka yako Tadei. Familia imekaa, imesema niandike mimi, na niandike yote.

Ulikuwa mwalimu wa sayansi wa darasa la sita pale Dongobesh. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini ulimpashia Mama maji, ukamwogesha, ukampaka mafuta miguuni, ukamchana nywele zake chache. Miaka saba, tangu miguu yake ilipokataa kumbeba. Sisi wengine tulipita kusalimia. "Shikamoo Mama, naona unaendelea vizuri," tunakunywa chai yako, tunaondoka.

Chai yako ilikuwa na tangawizi nyingi mno. Ulijua, na ulikataa kupunguza.

Halafu zile ndege. Hazikuwa na injini. Mabawa uliyachonga mwenyewe kwa povu jeupe linalokuja na televisheni mpya, mwili ukautengeneza kwa fimbo nyembamba uliyoagiza Arusha, na ndani ukaweka vimashine vya kupindisha mkia kwa rimoti. Ulishika ncha ya bawa, ukazunguka mara moja kama mrusha kisahani, ukaiachia. Ikishapanda, ilibidi uitafutie hewa ya moto inayoinuka kutoka ardhini, maana hakuna kitu kingine cha kuibakiza juu. Kwenye antena ya rimoti ulifunga uzi mwekundu wa kufumia ili uone upepo unatoka wapi.

Watu walisema mwalimu mzima anacheza mchezo wa watoto. Nami nilisema. Kwenye harusi ya binamu yetu nilishika kipaza sauti nikatangaza kwamba dada yangu amekosa mume, ameamua kurusha midoli. Ukumbi mzima ulicheka. Wewe pia ulicheka, ukainamia sahani yako.

Moyo wako ulikuwa mbovu tangu utotoni. Daktari alikuambia mbele yangu: usibebe ndoo, usipande mlima kwa haraka. Ukamuuliza kuhusu kurusha ndege. Akataka umwonyeshe, ukasimama ukazunguka pale pale mbele ya meza yake. "Mara tatu kwa siku," akasema. "Zaidi ya hapo, usije kunilaumu." Ukaishika hiyo tatu kama amri ya kanisa.

Klabu ya warushaji huko Arusha ilikupa kadi yenye ngazi tano. Ya kwanza ilitaka ndege ikae hewani sekunde thelathini na itue ndani ya hatua kumi na tano kutoka uliposimama. Kila ngazi iliongeza muda na kupunguza hatua. Zile nne za kwanza zilikuchukua miaka mitatu. Ya tano ilikuwa dakika kumi kwa kurusha mara moja tu, kisha uidake ndege kwa mkono kabla haijagusa ardhi, mbele ya shahidi anayeshika saa. Shahidi asiposaini, hakuna kitu. Aliyemaliza ya tano angeitwa Arusha kufundishwa mwaka mzima, kisha abaki huko kufundisha wengine. Kadi zilitakiwa kufika kabla ya Jumatatu, tarehe 23 Septemba.

Ulinichagua mimi niwe shahidi. Ulimwambia Mama, "Kaka hawezi kunipendelea, kwa hiyo hakuna atakayebisha."

Wiki hiyo mke wangu Loveness aliniuliza tukiwa jikoni, "Wifi akienda Arusha, Mama ataogeshwa na nani? Mimi?" Simsingizii neno hapa. Yeye aliuliza swali tu.

Jumamosi ya tarehe 14 nilikupakia kwenye pikipiki mpaka Basotu. Ngano ilikuwa imeshavunwa, mabua yamekauka, ardhi inachoma. Mzee Gidahosh alikuwa analisha ng'ombe kwenye mabua, yule aliyekuzoea tangu ulipoanza kuja huko.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, Mwalimu. Leo usirushe huku. Tazama tai wale." Akanyoosha fimbo. "Wanapanda na hawapigi mbawa."

Ulisogea mpaka chini ya wale tai. Mara ya kwanza dakika mbili, ikashuka. Mara ya pili ndege ilishika hewa, ikaanza kuzunguka, ikawa ndogo kama nzi. Dakika tano. Dakika nane. Ulikuwa unatikisa vidole gumba tu. Ilipotimia dakika kumi na sekunde ishirini ikawa inakuja chini kwa kasi, upepo unaisukuma pembeni. Ulikimbia hatua tatu, ukapiga goti, ukanyoosha mkono, ukaikamata kwenye ncha ya bawa. Vumbi lilikujaa machoni.

"Kaka! Mkia umegusa?"

Nilikuwa hatua nne kutoka kwako. Kati ya mkia na ardhi ingepita ngumi.

"Umegusa," nikasema.

"Kabla au baada?"

"Kabla."

Ulibaki umepiga goti. Kisha ukasema, "Haya. Kama umeona, umeona." Nikabonyeza saa, namba zikarudi sifuri. Gidahosh alikuwa ameshaondoka nyuma ya ng'ombe wake. Njiani, nyuma yangu kwenye pikipiki, ulinishukuru kwa kusema kweli. Ulisema mwingine angekuonea huruma akasaini.

Jumamosi iliyofuata tukarudi. Mama alikuambia upumzike, ukamjibu hakuna Jumamosi nyingine. Siku hiyo upepo ulikuwa mbaya na Gidahosh alikuwa amepeleka ng'ombe ziwani. Ulirusha mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya tatu ilifika dakika nne.

"Naongeza moja," ukasema.

Ukaongeza. Baada ya kurusha mara ya sita ulikaa chini, midomo imekuwa ya zambarau, mkono umeushika kifuani. Nilikuwa na neno moja tu la kukwambia; ningelisema, ungenipiga kofi, ungelia, ungekuwa hai. Nikasema, "Pumzika kidogo."

"Ikifika saa kumi hewa itakufa," ukasema, ukainuka.

Ya tisa ilikaa dakika nane, ikaangukia mbali. Nilikwenda kukuletea, nikatembea polepole makusudi nikitumaini utachoka kunisubiri. Nilikukuta umesimama. Kila uliporusha nilihesabu kwa sauti, kwa sababu ndiyo kazi ya shahidi. Kumi. Kumi na moja. Ya kumi na nne haikufika hata urefu wa mti.

"Mkono umekataa, Kaka," ukasema. "Twende."

Jumapili miguu ilivimba. Jumatatu ulikataa chakula, ukamwomba Mama msamaha kwa kutomwogesha siku mbili. Tukatafuta gari la kukupeleka hospitali, likapatikana la Jumanne asubuhi. Jioni hiyo ya Jumatatu ulinivuta shati ukasema, "Septemba ijayo tutajaribu tena. Wewe usiache kuwa shahidi wangu." Nikakubali. Gari lilipoingia uani, ulikuwa umeshakwisha.

Siku ya maziko Gidahosh alitoka Basotu, akafika kaburi limeshafukiwa. Alikwenda moja kwa moja kwenye kiti cha Mama, akainama kumpa pole. Alitaka kumfariji tu.

"Mama, binti yako alikuwa hodari," alisema. "Ile ndege aliidaka kwa mkono, kama mtu anavyokamata kuku. Nilimwona kwa macho yangu."

Mama akainua kichwa. "Lini?"

"Jumamosi ile ya kwanza. Nilikuwa upande wa pili, nageuza ng'ombe. Haikugusa kitu."

Watu walikuwa wengi. Mama alinitafuta kwa macho mpaka akanipata.

"Tadei. Iligusa?"

"Haikugusa, Mama."

"Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia iligusa."

"Kwa nini?"

Nikamwambia kwa nini. Nikasema mbele ya watu kwamba niliogopa wewe ukiondoka, kazi ya kumtunza itaniangukia mimi. Hakulia. Alimwambia Judith, mdogo wetu, amrudishe ndani.

Nimeiandikia klabu barua, nimeeleza kila kitu, nimesaini kadi yako na kuweka muda: dakika kumi na sekunde ishirini na mbili. Katibu wao, Bwana Maximilian, alinijibu kwa mistari mitatu. Shahidi aliyekana hawezi kugeuza ushahidi wake. Mtu aliyesema uongo mara moja juu ya mruko, neno lake juu ya mruko huo halipokelewi tena, hata likiwa la kweli. Poleni na msiba. Kadi imerudi, na saini yangu imepigwa mstari mwekundu. Ngazi ya tano iko wazi, na wewe ndiye uliyestahili.

Judith aliacha kazi yake Babati, akarudi na mumewe Yohanes kuishi hapa na Mama. Loveness anakuja kumsaidia kila baada ya siku moja, bila kuombwa. Mwezi wa Machi Judith aliumwa, nikaenda mwenyewe asubuhi, nikapasha maji, nikaingia na ndoo.

"Weka chini," Mama alisema. "Nitakaa na uchafu wangu."

Nikaweka chini. Alikaa hivyo siku mbili, mpaka Judith alipoweza kusimama.

Darasa lako sasa lina mwalimu mwingine. Nimesikia watoto wanamsumbua, wanamwambia Mwalimu Tekla alikuwa anaeleza vizuri zaidi. Ndege zako tatu Mama amempa Gidahosh. Hana rimoti wala hajui kuzirusha. Amezining'iniza nyumbani kwake, na akipita mgeni humwambia zilikuwa za nani.

Wanaokukumbuka ni mama yako mzazi, Oliva. Mdogo wako Judith na shemeji yako Yohanes. Wifi yako Loveness. Watoto wa kaka yako, Hermani na Zita. Walimu wenzako na wanafunzi wako wa Dongobesh. Na Mzee Gidahosh wa Basotu.

Majina hayo Mama ameyataja mwenyewe, moja baada ya jingine, nami nimeyaandika kama alivyoyataja. Alipomaliza nilibaki nimeshika kalamu, nikasubiri.

"Hao wanatosha," akasema.

Hao, Tekla, hawatakusahau maisha yao yote.